Mwaka Nilipomjibia Fideli

Mwezi uliopita, katika ukumbi wa kanisa karibu na Grant Street hapa Buffalo, wageni walikuja kumposa Alisi, binti wa mdogo wetu Goreti. Baba yake alikwisha kufariki, kwa hiyo wajomba ndio tulioketi upande wa binti: mimi katikati, Fideli mkono wangu wa kushoto, na mbele yetu meza ndefu yenye Fanta, sambusa na nyama ya mbuzi iliyofunikwa kwa foili. Msemaji wa upande wa kijana alikuwa mzee mcheshi mwenye tai pana kama ulimi wa ng'ombe. Alisimama, akakohoa kidogo, akasema wametoka mbali, theluji imewapiga njiani, wana shida moja tu, na wanaomba kuonyeshwa ni nani mwenye mdomo katika nyumba hii. Watu wakacheka, na wote wakanigeukia mimi. Nikasema, "Atasema Fideli." Kicheko kikakatika. Goreti, aliyeketi nyuma yangu na wanawake, alininong'oneza kwa ukali, "Kaka, unaumwa? Simama bwana, usituaibishe." Sikusimama. Nilikuwa nimeamua siku nyingi kwamba safari hii sitasimama, na sababu yake ni mwaka mmoja ulioanzia Louisville, ukapita Columbus, ukaishia katika mji huu huu, miaka kumi na minne iliyopita.

Sitasimulia jinsi tulivyobaki yatima. Inatosha kusema kwamba nilikuwa darasa la tano kambini, Kigoma, nikaacha shule kwa sababu kadi ya posho ilihitaji mtu wa kuishika, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Asiyewahi kuishi kambini huenda asielewe uzito wa kadi ile. Karani dirishani huuliza mara moja: mko wangapi, nani yupo, nani amehama. Wakijibu watu wawili, na majibu yakapishana hata kidogo, kadi huwekwa pembeni na familia husubiri mpaka jua linazama, pengine mpaka mgao unaofuata. Kwa hiyo kila familia ilijua: kadi moja, mdomo mmoja. Nilimfundisha Fideli na Goreti kubana midomo tukikaribia dirisha, na walifanya hivyo kwa bidii mpaka mashavu yakawavimba. Ulipofika wakati wa mahojiano ya kuja Amerika, mdomo ulikuwa ule ule. Fideli alikuwa na kikohozi, nikamkanya asikitaje, kwa kuwa mgonjwa mmoja huchelewesha faili zima. Hakukitaja. Tukapita. Tangu hapo sikuwahi kujiuliza kama kuna mahali ambapo desturi ile ingeweza kutuua.

Louisville tulipanga vyumba viwili, mimi na Fideli; Goreti alikuwa amepelekwa Buffalo pamoja na mumewe. Tulifanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, na gari letu moja liliendeshwa na Fideli, kwani mimi nilikuwa nimeshindwa mtihani wa leseni mara mbili. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, yeye thelathini na sita. Mkewe alikuwa bado kambini akisubiri faili lake, na kila Jumapili Fideli alimpigia simu, akitembea na simu kutoka dirisha la jikoni mpaka mlango wa bafu na kurudi. Katika vipimo vya mwanzo alikutwa na presha ya juu, akapewa kidonge cha kumeza mara moja kwa siku. Hakuna aliyetutajia saa. Asubuhi tulitoka kabla ya mapambazuko bila kula, basi nikapanga kidonge kiwe cha jioni, baada ya ugali. Nilikiweka kwenye kisahani kando ya maharage, nikamtazama akikimeza. "Fungua mdomo," nilimwambia siku nyingine, na yeye alifungua, akatoa ulimi, tukacheka. Sikuruka hata jioni moja. Nilijivunia jambo hilo, na kile kisahani cha bluu chenye ufa nakikumbuka mpaka leo.

Alikuwa akikoroma sana. Jirani wa juu, mama mmoja Mkongomani, alituuliza kama tunasaga mahindi. Lakini mara kwa mara mkoromo ulikatika ghafla, kimya kikadumu kiasi kwamba hata mimi niliacha kupumua nikimsubiri, kisha akaibuka kwa kishindo kama mtu aliyetolewa majini. Nilizoea. Mtu huzoea sauti za nduguye kama anavyozoea friji.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu Fideli alimimina chai, akakiweka kikombe pale alipodhani ni mezani, na kikombe kikaanguka sakafuni. Alibaki akitazama mbele, wala si chini. Nilimwambia, "Umelala bado?" Akasema, "Usingizi tu, kaka." Nikaokota vigae. Nilipopita bafuni baadaye nilimwona mbele ya kioo akifunika jicho la kulia kwa kiganja, kisha la kushoto, kisha tena la kulia, taratibu, kama mtu anayehesabu. Nikamuuliza kuna nini. "Vumbi," alisema, akafungua bomba. Kisha akachukua funguo, akatuendesha kazini gizani, na mimi nikasinzia kando yake bila wasiwasi.

Majuma yaliyofuata nilianza kuona mambo, moja moja. Alishuka ngazi akigusa ukuta. Aliinamisha kichwa sana alipokula, akilitafuta bakuli. Siku moja alikanyaga kiatu cha msimamizi wetu, akaomba radhi kwa mtu aliyesimama upande mwingine. Kila juma niligundua kitu kimoja, na kila nilipogundua nilidhani ndipo kilipoanza. Mpaka mwezi wa saba, tulipohamia Columbus kufuata kazi ya ghala, nilikuwa nimeshajijengea kichwani historia kamili ya ugonjwa wa mdogo wangu: kwamba jicho lake la kushoto linafifia polepole, mwezi hadi mwezi.

Tulikaa Whitehall, pembeni mwa Columbus, kwenye nyumba za ghorofa moja zilizopangana kama masanduku, ambako bila gari hufiki hata dukani. Fideli alipokwenda kuchukua leseni ya jimbo lile la Ohio alishindwa kipimo cha macho, wakamwambia alete barua ya daktari. Hapo ndipo aliponieleza kwamba haoni vizuri, na hakusema zaidi. Nikaomba ruhusa ghalani, nikampeleka kwa daktari wa macho kwa teksi. Nilivaa koti nililovaa siku ya mahojiano.

Walimpima presha ya macho, wakasema haiko juu sana, iko mpakani. Walimkalisha mbele ya mashine kama bakuli jeupe, akabonyeza kitufe kila alipoona nuru. Kisha tukaingia kwa daktari, mama mpole aliyeonekana mchovu, na mezani palikuwa na simu yenye sauti ya mkalimani, mwanamke aliyezungumza haraka kama Mkenya wa mjini. "Daktari anauliza, kuona kulipungua ghafla, siku moja, ama ni polepole?"

Nikajibu, "Polepole. Miezi kadhaa sasa."

Fideli alinigeukia. Naukumbuka uso ule. Nimeutazama mara nyingi kuliko picha yoyote niliyo nayo. Midomo yake ilikuwa imebanwa, mashavu yamevimba kidogo, kama mbele ya dirisha la mgao. Mkalimani akatafsiri. Daktari akauliza kama katika familia kuna aliyepofuka. Nikasema yupo, shangazi, uzeeni. Daktari akaandika. Alisema inaelekea ni glakoma, ule ugonjwa ambao wengi wetu huuita presha ya macho, na kwamba huweza kumpata hata mtu ambaye presha ya jicho lake haijapanda. Lakini alirudi tena kuchungulia, akakunja uso, akasema neva ya jicho imepauka kuliko alivyotarajia. "Daktari anauliza tena, una hakika haikuwa ghafla?" Aliuliza mara mbili, na sitaki msomaji amlaumu kwa lolote. Ni mimi niliyesema, "Nina hakika. Tunaishi pamoja." Akampa dawa ya matone, tone moja kila jicho kila jioni, akataka arudi baada ya miezi michache aone kama ugonjwa unasogea.

Basi jioni zetu zikawa na kazi mbili. Kichupa cha matone kilikaa kwenye mlango wa friji kando ya mfuko wa ndagala, dagaa wa kwetu, na kidonge kilibaki kwenye kisahani chake. Fideli alilaza kichwa kwenye kiti, nikamdondoshea, akafumba macho, maji yakamtiririka mashavuni. "Kaka, unaniliza kila siku," alitania. Nilimuuliza kama anaona nafuu. Alisema, "Ni vile vile." Nilifurahi. Nilidhani "vile vile" maana yake dawa inafanya kazi.

Mwezi wa kumi mume wa Goreti alifariki kwa maradhi, na mwezi wa kumi na moja tukapakia vitu vyetu kwenye gari la rafiki, tukahamia Buffalo kukaa naye na watoto. Nilipata kazi kiwandani Tonawanda, mji wa jirani. Fideli hakuweza tena kupata kazi ya mashine, akabaki nyumbani na Alisi, aliyekuwa na miaka minane na aliyemjibu kwa Kiingereza hata alipomsalimia kwa Kiswahili. Nyumba ilikuwa ya matanga. Wanawake wa kanisani walileta sombe ya majani ya muhogo na wali, wakaketi na makoti yao, na nilisikia mmoja akimwambia Goreti, kwa sauti ya chini iliyovuka ukuta, "Na huyu ndugu yako naye, si atakuwa kipofu humu humu ndani?" Goreti kesho yake alimtafutia Fideli daktari.

Huko hapakuwa na simu. Walimleta mkalimani mwenyewe, baba mmoja kutoka Kivu mwenye kofia ya sufu, ambaye tulikuwa tumemwona Grant Street akibishana na muuzaji juu ya unga wa muhogo. Tulipoitwa nilisimama pamoja na Fideli. Yule baba akaninyooshea kidole, na Kiswahili chake cha Kivu kilikuwa na Kifaransa ndani.

"Bon. Wewe njo mugonjwa?"

"Hapana, mimi ni kaka yake mkubwa."

"Donc kaka mukubwa ataikala hapa inje. Docteur anataka mwenye macho."

"Mimi ndiye ninayemjibia."

"Njo ile anakataa, papa," alisema bila ubaya, akafunga mlango.

Tangu nilipoacha darasa la tano nilikuwa sijawahi kufungiwa mlango namna ile. Niliketi kwenye kiti cha plastiki kilichokuwa karibu kabisa na mlango, na kwa kuwa mlango ulikuwa mwembamba, na yule baba sauti yake ilikuwa ya sokoni, nilisikia. Nilisikia swali lile lile. Kisha sauti ya Fideli, ndogo, ikijaribu njia ambayo haikuizoea.

"Nililala mzima. Nilipoamka, nilidhani nimejifunika blanketi mpaka usoni. Juu naona, chini hakuna kitu. Nikatoa blanketi, bado. Ni jicho la kushoto tu. Asubuhi ile nilivunja kikombe."

"Siku moja tu?"

"Asubuhi moja tu. Tangu siku ile halijaongezeka, halijapungua."

"Na haukuambia mutu?"

"Nilikuwa naendesha gari. Na mke wangu faili lake bado. Ukisema mgonjwa, faili linasimama."

"Haya, na kule Columbus, docteur alipokuuliza? Juu ya nini haukusema?"

Nilisikia kiti kikilia. Fideli akasema, "Kaka alikuwa ameshajibu."

Sijui niliketi pale muda gani. Najua niliyatazama mabuti yangu, chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji imeyachora mistari myeupe, na nikaelewa jambo ambalo mtoto mdogo angelielewa: yeye alijua kwa asubuhi moja, aliyejua polepole ni mimi. Niliulizwa habari za jicho lake, nikatoa habari za kujua kwangu. Halafu mlango ukafunguka, yule baba akatoa kichwa nje, akatabasamu. "Kaka mukubwa, swali yako moja. Huyu anakoroma?"

Mle ndani Fideli alicheka. Nikajibu kwamba anakoroma, kisha ananyamaza kama mtu aliyezama, kisha anaibuka. Nilidhani daktari naye atacheka. Alikuwa mzee mrefu mwenye mikono mikubwa. Aliacha kuandika, akaniashiria niingie.

Alituchorea picha. Glakoma, alisema, huchimba. Ukiitazama neva mahali inapoingia jichoni, unaona kishimo katikati, na ugonjwa hukipanua taratibu, miaka na miaka, ukila ukingo, na mgonjwa hana habari mpaka umekula mwingi. Huyu hakuchimbwa. Huyu amepauka, kama jani lililokosa maji. Akaweka karatasi ya kipimo cha Columbus juu ya ile ya siku hiyo, akaziinua kwenye taa: kivuli kilikuwa kile kile, nusu ya chini, ukingo kwa ukingo. Akasema glakoma isingepiga mstari mkali namna hiyo kwa asubuhi moja na kusimama hapo. Hii ni damu iliyokosa kufika kwenye neva, mara moja, usingizini. Umri wake ni mdogo kwa jambo hili, lakini hutokea, hasa kwa mwenye presha, kwa anayekatika pumzi akilala, na kwa aliyezaliwa na mlango mwembamba pale neva inapoingia jichoni. Kisha akachungulia jicho la kulia, akalichungulia tena. Mlango wa jicho lile nao ulikuwa mwembamba vile vile.

"Anauliza," alisema mkalimani, na sasa hakuwa akitania, "kidonge ya presha anamezaka saa ngapi?"

Hata pale, baada ya yote, Fideli alibana midomo ili asinitaje.

"Jioni," nilisema. "Mimi ndiye niliyepanga."

Daktari alieleza kwamba mtu akilala presha hushuka yenyewe, na kidonge cha jioni huenda kikaishusha zaidi ya inavyofaa. Alisema hakuna anayeweza kuapa kwamba ndicho kilichofanya. Wengi wanameza jioni na hawapati neno. Angezungumza na daktari wake wa kawaida, kidonge kihamie asubuhi. Matone aache. Apimwe pumzi ya usingizini, foleni ni ndefu kidogo. Jicho la kushoto halina dawa. La kulia, tulilinde. Nikamuuliza, na hili ndilo swali langu la pekee siku ile, kama tungejua mwezi wa saba ingekuwaje. Mkalimani alinitazama kabla ya kutafsiri, kana kwamba ananipa nafasi ya kulirudisha. Daktari akafungua mikono yake mikubwa. "Anasema hajui."

Miezi miwili tuliishi tukilisubiri jicho. Kidonge kilimezwa asubuhi, Fideli mwenyewe akikitoa kwenye chupa. Goreti alimpangia mito mitatu alale ameinuka. Kila alfajiri kabla ya kwenda Tonawanda nilisimama mlangoni mwa chumba chake, nikamsubiri afumbue macho, naye alinitazama, akasema, "Lipo," nami nikaenda kazini. Hatukusema zaidi ya neno hilo. Alisi alijifunza desturi yetu, akawa naye anachungulia na kuuliza, kwa Kiswahili safari hii, "Mjomba, lipo?"

Barua ya kipimo cha pumzi ilikuja mwezi wa pili. Kipimo kilikuwa cha juma lililofuata. Siku tatu kabla yake nilisimama mlangoni kama kawaida. Fideli alifumbua macho, akatazama dari, kisha ukuta, kisha akateremsha macho kunitafuta, akateremsha zaidi, akainua mkono wake wa kulia mbele ya uso, akaushusha polepole mpaka kifuani.

"Kaka," alisema, "miguu yako siioni."

Hakupofuka. Tulikimbia hospitali, na baadhi ya kile kilichoondoka kilirudi baada ya majuma kadhaa, kingine hakikurudi. Alipewa mashine ya kupumua usingizini, analala nayo mpaka leo, na tangu hapo hakuna kilichoongezeka. Anaona kama mtu aliyesimama nyuma ya ukuta unaomfika kidevuni. Anaona nyuso, miti, saa ya ukutani. Haoni sahani yake, wala ngazi, wala mtoto mdogo anayemjia mbio. Mkewe alifika mwaka uliofuata, na ndiye aliyemfundisha kumimina chai kwa kidole kilichopachikwa ukingoni mwa kikombe. Fideli hajawahi kunilaumu. Nilijaribu kumwomba radhi mara moja, tukiwa jikoni kwa Goreti, akanikatiza: "Kaka, ungekuwa umekosea kadi, tungekufa wote zamani." Alimaanisha kunifariji. Nimekaa na maneno hayo miaka kumi na minne, na bado sijajua yamenisamehe au yamenifunga.

Kwa hiyo ukumbini, wageni wakisubiri, nilikaa. Fideli aligeuka kunitazama kwa uso ule ule wa Columbus, na mimi nikatazama mbele. Yule mzee wa tai akaanza, "Au katika nyumba hii mdomo umesafiri?" watu wakacheka tena kwa wasiwasi. Kisha nikasikia kiti kikisogea. Fideli alisimama, akashika ukingo wa meza kwanza, akainua kichwa, akazitazama nyuso zao moja moja, kwani nyuso anaziona vizuri.

"Mdomo haukusafiri," alisema. "Ulikuwa unasubiri kuulizwa."

Wanawake wakapiga vigelegele. Alisema mengi, mengine ya kuchekesha, mengine marefu mno. Alikosea jina la baba wa kijana, na sikumsahihisha. Ulipofika wakati wa kunywa pamoja na wageni alinyoosha mkono mezani, vidole vikapapasa hewa juu ya chupa na sahani za sambusa. Glasi yake ilikuwa karibu nami. Mkono wangu ulikwenda kuichukua, nikaurudisha magotini.

"Kaka," alisema kwa sauti ya chini, "glasi iko wapi?"

"Kulia kwako," nikamwambia. "Mbele kidogo." Nikanyamaza.